Chambo Alichonichagulia Shemeji

Ridge, Maryland
Jumapili, 19 Agosti 1990

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Philomena,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini waraka huu utakukuta mzima wa afya, na kwamba jua la Tucson, ambalo mwanao Raymond hulisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeliwasha, halijakukausha. Mimi sijambo, ukiondoa goti la kushoto, ambalo halijawahi kunipenda. Nyanya zimezaa kupita kiasi, nami nazigawa kwa majirani mpaka wameanza kufunga milango wanionapo na kikapu. Kwaya imenihamishia safu ya nyuma karibu na mlango, ili sauti yangu ipate pa kutokea. Kaburi la Cecilia nimelipalilia. Chumba chako cha mbele, hapa nyumbani kwangu, kipo vilevile.

Niwie radhi kwa salamu ndefu. Masista wa misheni walitufundisha kwamba kuingia kwenye shida yako bila salamu ni kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Na mimi, tangu utoto, nimekuwa mwoga wa madirisha.

Shida yenyewe ni hii. Serikali imetangaza kwamba samaki wa mistari, tuliyekatazwa kumgusa kwa miaka mitano, ataruhusiwa tena kuvuliwa mwezi wa Oktoba, kwa wikiendi chache. Habari hiyo ilizungumzwa kwenye mandari ya parokia, na Cletus Dyson, ambaye bado ana boti na bado hana adabu, akanitazama mbele ya watu.

"Wewe Biscoe, hao samaki wameshasahau hata sura yako."

Hapo nikasikia sauti ikisema, "Samaki wa kwanza wa parokia hii nitamleta mimi." Nikageuka kumtafuta mwenye maneno hayo ya kijinga, kumbe ndimi.

Bi Odelia Barnes, mjane wa marehemu Francis, alikuwa akikata kabichi. Hakuinua macho. Akasema, "Ukimleta, Bwana Biscoe, nitampika mwenyewe. Nyumbani kwangu. Njoo na njaa yako, usije na Cletus."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila kwa kuchelewa.

Sasa, Shemeji, sijasahau desturi ya nyumba yenu. Samaki wa kwanza wa msimu, mkwe humpeleka kwa mkubwa wa ukoo wa mkewe, na kichwa huwa chake. Nilipokuja kumposa Cecilia nilikuletea kichwa hicho mikononi. Ukakitazama, ukanitazama, ukasema kati ya vile vichwa viwili unajua kipi kina akili. Tangu wazazi wenu walipoondoka, mkubwa ni wewe. Kwa hiyo siwezi kumweka samaki wa kwanza kwenye meza nyingine, ya mtu yeyote yule, bila neno lako. Zaidi ya hapo sitasema. Huenda nimekwisha kusema mno.

Swali langu, basi, ni dogo. Ninyi dada wawili ndio mliokuwa mkichagua chambo. Mimi nilishika kasia na kunyamaza. Je, mwaka huu nitumie chambo hai kipi: mkunga, yule wa mwili wa nyoka, au kidoa?

Nakuomba radhi kwa usumbufu, na ninabaki
Shemeji yako mtiifu,
Ignatius Biscoe


Tucson, Arizona
3 Septemba 1990

Shemeji Ignatius,

Barua yako imefika. Kurasa nne! Nimepita nyanya, goti, kwaya na Masista, samaki ndiyo kwanza namwona ukurasa wa tatu, naye kaja kashikwa mkono na Odelia Barnes.

Huku tuko wazima. Joto la huku ukitoa yai nje linaiva kabla hujalivunja. Mke wa Raymond ni mtoto mwema, ila kila kitu kwake ni majani. Juzi kanipikia samaki. Samaki wa pembe nne, bwana, katoka kwenye boksi kagandishwa kama tofali. Nimemgeuza huku na huku, sikuona jicho wala mkia. Nikamwuliza, huyu mama yake ni nani? Akadhani nimeanza kusahau watu.

Haya, chambo. Tumia kidoa. Usisikilize mtu. Mkunga ni mshenzi, atakufungia mshipi mafundo ambayo hata Padri hafungui. Anza kuwavua vidoa sasa hivi hapo kwenye gati, uwatunze wazima mpaka Oktoba. Ndoana ipite mgongoni, juujuu, mbele ya pezi, usimguse uti. Mwache aogelee mwenyewe. Kidoa aliyejeruhiwa kidogo ni kengele ya chakula kwa samaki wa mistari.

Kuhusu nani ampike nani, au kwenye meza ya nani, mimi sijaulizwa swali, kwa hiyo sijajibu.

Chumba changu cha mbele unasema kipo vilevile. Nasikia hivyo kila barua. Mwanamume akisema kitu kipo vilevile, ujue kishajaa mapipa.

Shemeji yako,
Mina


Ridge, Maryland
Jumapili, 23 Septemba 1990

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Salamu na shukrani. Nimefuata agizo lako neno kwa neno, kama katekisimu. Kila asubuhi hukaa gatini na kipande cha mnyoo, nikavua vidoa, vile visamaki vya ukubwa wa kiganja vyenye doa nyuma ya shavu, kana kwamba Muumba alikuwa akijaribu kalamu. Nimewajengea tundu la waya ndani ya maji, nawalisha, nawafunika jua likizidi. Naona haya kukiri kwamba baadhi yao nimeanza kuwatambua kwa nyuso, na mmoja wao, mwenye ukaidi wa pekee, nimempa jina ambalo sitaliandika, kwa kuwa ni lako.

Cletus alipita na boti, akazima mashine ili anicheke vizuri.

"Biscoe, umefungua shule ya chekechea?"

"Ni chambo," nikamjibu.

"Chambo cha Oktoba?"

"Cha Oktoba."

Akanitazama kwa muda mrefu, akatingisha kichwa, akawasha mashine akaenda. Sikuelewa maana yake, na kwa adabu sikumwuliza.

Bi Odelia ananisalimu vizuri baada ya misa. Jumapili iliyopita aliniuliza kama samaki yuko njiani. Nilimjibu kwamba naamini amekwisha kuanza safari. Jibu hilo nililifikiria juma zima, na lilipotoka halikuwa zuri hivyo.

Nangoja neno lako, juu ya chambo au juu ya lolote utakaloona linafaa kusemwa.

Wako mtiifu,
Ignatius


Ridge, Maryland
Jumapili, 14 Oktoba 1990

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi uliopita. Bila shaka posta ya jangwani ina mwendo wake. Naomba uwe mzima.

Inanipasa kukutolea taarifa isiyo na heshima kwangu. Msimu umefunguliwa, wikiendi mbili zimepita, na sijapata hata mmoja. Maji yalipoanza kupoa, vidoa wangu walidhoofika. Kisha korongo mmoja akagundua tundu langu, akasimama juu yake asubuhi nzima kwa utulivu wa mtawa. Nilipofika alikuwa amekwisha kupokea karibu wote, akiwamo yule mwenye jina. Wachache waliosalia niliwatia ndoana kama ulivyoelekeza. Samaki wa mistari waliwapita kama waumini wapitavyo kikapu cha sadaka, wakitazama mbele.

Kwenda gatini kuvua vidoa wengine kumekuwa kazi bure, kwa maana Ghuba nzima haina tena kidoa. Wakati huohuo boti zilizonizunguka zilikuwa zikipandisha samaki kwa mikunga, na mtu mmoja, Mungu amsamehe, alinipungia mkono ulioshika samaki.

Cletus, ambaye boti ilikuwa yake na aibu yetu sote, hakuweza kujizuia.

"Nani kakwambia kidoa?"

"Shemeji yangu Mina."

"Mina? Mina Shorter?" Akaweka chini fimbo yake ya kuvulia. "Biscoe, Mina amevua Ghuba hii tangu hajaota meno ya pili. Hajui kwamba vidoa wanahama maji yakipoa? Kila mtoto wa Ridge anajua. Mbona hata wewe unajua!"

"Huenda amesahau. Yuko mbali."

"Hajasahau chochote, mzee. Hataki upate samaki. Ukikosa samaki, huendi kwa Odelia. Kakuchagulia chambo cha kukosea!"

Nilimwambia kwa ukali, kadiri ninavyojua kuwa mkali, kwamba simruhusu mtu kumsema vibaya dada ya mke wangu hata kama tuko kwenye boti yake, na kwamba mtu anaweza kupotewa na mwezi mmoja bila kuwa mwovu. Akasema, "Haya, shuka utembee." Tulikuwa katikati ya maji.

Simwamini Cletus, Shemeji. Nakuandikia haya ili uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa mdomo mwingine. Hata hivyo niliporudi nyumbani niliingia chumba chako cha mbele nikakaa, nikawaza kwamba kama ningekuwa mimi niliye mbali, na chumba changu kimoja cha kurudia kiko nyumbani kwa mwanamume anayeota nyumba ya mtu mwingine, huenda nami ningependekeza kidoa.

Kwa hiyo, bila kujali samaki: nimekipaka chumba chokaa mpya. Lilikuwamo pipa moja, nakiri, nalo nimelitoa. Mapazia yalikuwa yamechakaa; Bi Odelia ameshona mapya kwa hiari yake. Nilipomwambia ni kwa ajili ya chumba chako akasema, "Basi niletee kitambaa chepesi. Mina hapendi chumba cha giza. Na umwambie hakuna mtu atakayelala humo ila yeye, wakati wowote, nyumba hii iwe na nani." Nimeyanakili kama alivyoyasema.

Msimu utafungwa mapema Novemba.

Wako daima,
Ignatius


Tucson
25 Oktoba 1990

Shemeji,

Mapazia ni ya rangi gani?

Tumia mkunga. Usimchukue mkubwa, urefu wa kiganja na nusu yatosha. Cletus anao mtegoni, mwambie nimesema akupe, na mdomo wake aufunge. Mkunga mwenye joto hakamatiki, kwa hiyo mpoze. Mimi na Cecilia tulitumia foronya, ile nyeupe ya kale yenye herufi C pembeni, iko kasha la chini. Iloweshe, watie humo, weka juu ya barafu. Watalala kama watoto. Kumshika, tumia kitambaa kikavu. Ndoana iingie chini ya kidevu itokee juu ya mdomo. Mtupe upesi kabla hajaamka, na usimwache atulie chini, ataingia mawe akufungie kila kitu.

Mengine sina.

Mina

Korongo nimemsikitikia. Mwenye jina langu lazima alimkwama kooni.


Ridge, Maryland
Jumapili, 11 Novemba 1990

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Mapazia ni ya manjano hafifu, kama siagi.

Nakuandikia nikiwa na habari mbili, moja ya aibu na moja ya furaha, na kwa kuwa nimelelewa kumaliza mboga kabla ya nyama, naanza na ya aibu.

Barua yako ilifika wikiendi ya mwisho ya msimu. Cletus alinipa mikunga, akajaribu kufunga mdomo, akashindwa. Niliitoa foronya, nikailowesha, nikawatia na kuifunga kwa uzi. Friji langu, kama ujuavyo, hupoza siku linapojisikia. Kwa hiyo Ijumaa jioni nilikwenda jikoni mwa parokia nikaiweka kwenye friji kubwa, rafu ya chini, juu ya barafu. Sikumwambia mtu. Nilidhani huo ni unyenyekevu.

Nilichosahau, mimi niliyekula karamu ya parokia kila mwaka wa maisha yangu, ni kwamba Jumamosi ilikuwa siku ya mapaja ya nguruwe. Kina mama walikuwa wamekwisha kuyachanja na kuyajaza kabichi, sukuma na pilipili, na kuyafunga, kama ilivyo desturi yetu, ndani ya foronya nyeupe, tayari kwa sufuria.

Alfajiri nilifika, nikafungua friji, nikachukua foronya yangu. Niliiona nzito. Nilidhani mikunga wamenawiri. Haikutikisika hata kidogo, nami nikashukuru moyoni kwa hekima yako juu ya barafu. Tulikuwa tumefika mbali kabisa ndipo Cletus akasema, "Haya, leta mmoja." Nikafungua uzi, nikaingiza mkono wenye kitambaa kikavu, kwa uangalifu mkubwa, ili nisimwamshe.

"Vipi?" akauliza Cletus.

"Amejikunja sana," nikasema.

Cletus akachungulia ndani. Sitayaandika yote aliyoyasema. La mwisho lilikuwa, "Biscoe, huyu mkunga wako ana mfupa wa paja!"

Tulirudi kwa kasi ambayo boti ile haikujua inayo. Nilipoingia jikoni nimekumbatia paja la nguruwe kama mtoto wa ubatizo, kina mama wawili walikuwa wamepanda benchi, mmoja akisema Salamu Maria na mwingine akisema mambo mengine. Mvuke wa sufuria ulikuwa umewaamsha mikunga, nao walikuwa wakitembea sakafuni kukagua parokia.

Bi Odelia peke yake alikuwa chini. Alikuwa ameiinua foronya aitumbukize kwenye maji yanayochemka, akaiona herufi C. Aliniambia baadaye, "Cecilia hajanipa foronya ya paja miaka minne, nikasema ngoja kwanza nifungue." Sasa alikuwa ameshika mkunga mmoja kwa kitambaa kikavu, nyuma ya kichwa, kama mtu aliyezaliwa naye. Akanitazama, akalitazama paja.

"Bwana Biscoe," akasema, mbele ya wote, "hiki ulichoniwekea ni chambo au ni posa?"

Shemeji, nilifundishwa na Masista kujibu kwa sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu. Nilijibu, "Vyote."

Neno hilo lilitoka kabla ya idhini yako. Nakuomba radhi kwa dhati, na kama lazima lirudishwe nitalirudisha mwenyewe, ingawa sijui litashika njia gani. Mama aliyekuwa juu ya benchi alisema, "Haya, umejibiwa, Odelia, sasa wakamate wengine!"

Tuliwakamata. Akanirudishia kwenye ndoo, akasema, "Nenda. Usirudi na nguruwe."

Mchana huo, kwenye mkondo karibu na ncha ya mawe, nilimtupa mkunga wa kwanza kama ulivyoelekeza. Hakupata nafasi ya kufunga hata fundo moja. Fimbo ilipinda mpaka Cletus akaacha kuzungumza, jambo ambalo peke yake lilistahili safari. Alikuwa samaki mzuri, Shemeji, urefu wa mkono wangu hadi begani, mistari yake imenyooka kama mwandiko wa Sista. Nililia kidogo. Cletus alisema ni upepo, nami nilimruhusu aseme hivyo.

Hajapikwa. Nilimpeleka kwa Bi Odelia nikamweleza desturi ya nyumba yenu, kwa kirefu, mlangoni, nikitiririka maji. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi hatakatwa mpaka Mina aseme," akasema, akamfunga mzima mzima akamweka kwenye friji lake la kugandisha. Foronya ameifua mara tatu, ameipiga pasi, na ameitandika kwenye mto wa kitanda chako, herufi C kwa juu. Amesema haitatiwa tena paja wala mkunga.

Kichwa ni chako. Sijui namna ya kukifikisha Arizona kikiwa na hadhi yake. Mkubwa wa ukoo ni wewe, na sasa nimeuliza swali.

Nangoja,
Ignatius


Tucson
20 Novemba 1990

Shemeji Ignatius,

Barua yako nimemsomea Raymond kwenye gari ikabidi aegeshe pembeni. Nilipofika "amejikunja sana" meno yangu ya bandia yalitoka yenyewe.

Salimia wote. Raymond kanikatia tiketi ya treni, nafika tarehe ishirini na mbili Desemba. Njoo stesheni mapema, uvae koti zuri, na Cletus abaki kwake.

Kichwa ni changu na nitakila. Asikipike mtu. Nitakipika mwenyewe kwenye sufuria ya Odelia, yeye akae hapo pembeni anisogezee chumvi, tuzungumze. Tuna mengi ya kuzungumza, na wewe utakuwa nje. Mwili wa samaki ni wenu wawili. Hapo ndipo nimejibu, usiniandikie kurasa nne kuniuliza nilikuwa na maana gani.

Najua atakuwa amegandishwa kama yule wa pembe nne. Lakini huyu ana jicho na mkia, na maji aliyotoka nayajua.

Mwambie asante kwa mapazia. Siagi ni rangi nzuri.

Dada yako,
Mina

Na mwambie Cletus kwamba sikukudanganya. Kidoa ni chambo bora kuliko vyote. Mwezi wa Julai.